Nahodha Aliyewekwa Kando



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mzazi na kila mwalimu amelionja, nalo ni kumwona mtu tumpendaye ameshindwa mbele ya macho ya watu. Mtoto amerudi na karatasi ya mtihani, naye ni wa mwisho darasani. Au kijana amekwenda kutafuta kazi, akarudishwa, akaambiwa kwamba hafai. Siku ile nyumba hunyamaza. Mama hapiki kwa furaha, baba hajui aseme neno gani, na kijana mwenyewe hupita kando ya ukuta kama kivuli. Majirani nao hawakosi la kusema. Basi, siku kama hiyo tufanye nini?

Sitajibu kwa maneno matupu. Nitawaeleza habari za mtu mmoja wa Marekani, jina lake John Shuster, ambaye dunia nzima ilimwona akishindwa, ikamcheka. Kisha baada ya miaka minane dunia ile ile ikamwona amesimama mahali pa juu. Habari zake zatoka katika nchi ya baridi na katika mchezo ambao wengi wetu hatujauona. Kwa hiyo nivumilieni kidogo, nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana asiyejua mchezo hawezi kujua uchungu wa mchezaji.

Sisi huijua barafu kwa mvua ya mawe, ile iangukayo juu ya mabati kwa kishindo, na watoto hukimbilia kuiokota, nayo huyeyuka mikononi mwao kabla hawajaionyesha kwa mama. Lakini katika nchi za kaskazini maji ya ziwa huganda wakati wa baridi, yakawa magumu kama sakafu, hata watu hupita juu yake na mizigo yao. Watu wa Scotland, zamani sana, waliona kwamba jiwe laini likisukumwa juu ya barafu huteleza mbali, wakafanya mchezo wa kushindana nani atalifikisha jiwe lake karibu na shabaha. Mchezo huo huitwa kalingi. Limeonekana huko Scotland jiwe la mchezo lililochorwa mwaka 1511. Na mwaka 1838 wachezaji wa nchi ile walikutana mjini Edinburgh, wakaunda chama kikuu cha kuulinda mchezo na kuweka sheria zake.

Siku hizi mchezo huchezwa ndani ya nyumba kubwa, juu ya sakafu ya barafu iliyotengenezwa kwa mitambo. Njia ya mchezo ni nyembamba na ndefu, urefu wake karibu futi 150. Mwisho wa njia zimechorwa duara, moja ndani ya nyingine, na duara kubwa upana wake ni futi 12. Duara hizo wachezaji huziita "nyumba." Mawe ni ya graniti, mazito, kila moja laweza kufika ratili 44, nalo limechongwa likawa la mviringo, lina mkono juu yake wa kushikia. Graniti iliyo bora hutoka katika kisiwa kidogo cha Ailsa Craig, karibu na pwani ya Scotland.

Kila kundi lina watu wanne, na kila mtu huteleza mawe mawili. Hivyo katika duru moja hupita mawe 16, manane ya kundi hili na manane ya kundi lile. Mawe yakiisha, huangaliwa jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha nyumba. Kundi lenye jiwe hilo ndilo lipatalo alama, na lile jingine halipati kitu katika duru hiyo. Duru ni 10. Alama zikiwa sawasawa, huongezwa duru nyingine mpaka apatikane mshindi.

Mchezaji akiliachia jiwe hulizungusha kidogo, nalo huenda likipinda polepole. Hapo wenzake wawili hukimbia mbele yake na fagio zao, wakiisugua barafu kwa nguvu. Kusugua kule huipasha barafu moto kidogo sana, na jiwe hufika mbali zaidi, tena hupinda kidogo. Kwa hiyo jiwe moja si kazi ya mtu mmoja. Aliyelitupa hawezi kufika naye, wenye fagio hawawezi kulitupa upya, na nahodha asimamaye mbali katika nyumba huwapigia kelele kuwaongoza. Mmoja akikosea, wote hukosa.

Nahodha ndiye mwenye mzigo. Kwa desturi yeye hutupa mawe mawili ya mwisho. Wenzake wameteleza sita, wamepanga, wamelinda, wameondoa ya adui. Kisha kazi yote huwa mkononi mwake, na macho yote huwa juu yake. Akifaulu, husifiwa wote. Akikosa, hukumbukwa yeye peke yake. Shikeni neno hili, maana ndilo lililomwumiza yule tunayemzungumza.

Waskoti walipohamia Amerika walichukua mchezo wao, wakaupanda katika majimbo ya kaskazini ambako baridi ni kali. Huko ukawa mchezo wa nyumba kwa nyumba. Baba hucheza usiku baada ya kazi, mama hucheza usiku mwingine, na watoto hukua wakikimbia huku na huko katika nyumba ya chama, wakinywa kitu cha moto na kungoja kukua. Ndiyo sababu katika habari za mchezo huu majina ya ukoo hurudi tena na tena. Katika mji wa Superior, jimbo la Wisconsin, palikuwa na mtu jina lake Bud Somerville. Mwaka 1965 aliliongoza kundi la kwanza la Marekani kushinda ubingwa wa dunia, na mwaka 1974 akashinda tena. Hata mwaka 1992, umri wake miaka 55, alikwenda Albertville katika Ufaransa, kwenye Olimpiki, ambako kalingi ilichezwa kwa kuonyeshwa tu. Akapata nafasi ya tatu, naye alicheza pamoja na mwanawe mwenyewe, Tim. Kalingi ilipoingizwa rasmi katika Olimpiki huko Nagano mwaka 1998, nahodha wa Marekani alikuwa Tim huyo huyo, akawa wa nne. Hivi ndivyo kazi ya baba inavyoingia mikononi mwa mwana: kwa kutazama kwanza, kisha kwa kusimama pamoja, mwisho kwa kuachiwa.

John Shuster alizaliwa mwaka 1982, akalelewa Chisholm, mji mdogo wa jimbo la Minnesota. Ni mji wa machimbo ya chuma. Mwaka 1908 moto wa msitu uliuteketeza, na wenyeji wakaujenga upya. Kwa hiyo watu wa huko wanajua kuanza tena. Baba yake alikuwa mchezaji katika chama cha mji, na mtoto aliufuata mchezo wa nyumbani kwao akiwa bado kijana wa shule. Hakuwa mwana wa bingwa mkubwa. Alikuwa mwana wa mtu wa kawaida aliyependa mchezo wake na kwenda uwanjani kila juma, na huo nao ni urithi.

Alipokuwa kijana alichukuliwa na nahodha mmoja hodari wa mji wa Bemidji, Pete Fenson, mwana wa mchezaji, ambaye nduguye Eric pia alikuwa mchezaji. Katika kundi hilo Shuster alikuwa wa kwanza kutupa. Kazi yake kutangulia na mawe mawili, kisha kushika ufagio na kusugua kwa ajili ya wakubwa. Mwaka 2006 walikwenda Olimpiki katika Italia, wakaishinda Uingereza kwa alama 8 kwa 6, wakapata nishani ya shaba. Hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Marekani katika kalingi ya Olimpiki. Shuster alikuwa na umri wa miaka 23.

Sasa angalieni moyo wa kijana. Aliyefagia kwa ajili ya wengine alitaka yeye mwenyewe kuwa nahodha. Si jambo baya. Kila mwanafunzi hodari siku moja atataka kusimama mbele. Akaliacha kundi la Fenson, akaunda la kwake, na kundi hilo likashinda Marekani, likatumwa Vancouver katika Kanada kwa Olimpiki ya mwaka 2010.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Mchezo wa kwanza walishindwa. Wa pili wakashindwa, na wa tatu, na wa nne. Tena baadhi walishindwa kwa tofauti ya alama moja tu, na zaidi ya mara moja jiwe lililokosa lilikuwa jiwe la mwisho, yaani jiwe la nahodha. Mtu akishindwa kwa mbali husema, "Wenzetu wana nguvu." Akishindwa kwa alama moja, na jiwe likiwa limetoka mkononi mwake mwenyewe, hana pa kuegemea.

Basi mwalimu wao akafanya jambo lililo zito: katika mchezo wa tano, walipokutana na Wafaransa, alimweka nahodha kando. Shuster akakaa akitazama kundi alilolikusanya mwenyewe likicheza bila yeye. Mahali pake akaingia kijana wa akiba, Chris Plys, umri miaka 22. Na siku hiyo wakashinda! Fikirini hapo. Kushindwa ni uchungu; lakini kuondolewa, kisha wenzako wakashinda, huo ni uchungu wa namna nyingine. Katika nafsi ya mtu husikika sauti isemayo, "Kumbe mzigo ulikuwa mimi."

Alirudishwa katika michezo iliyosalia, lakini walimaliza kwa kushinda michezo 2 na kushindwa 7, wakawa wa mwisho katika makundi 10. Watu wa kwao wakamfanyia mzaha katika magazeti na katika intaneti. Wengine walilifanya jina lake kuwa kitenzi, na maana ya kitenzi hicho ni kushindwa dakika ya mwisho. Waalimu mnaofundisha sarufi, mwaweza kupima ukali wa jambo hilo: jina ulilopewa na baba yako linanyambuliwa ili kutaja aibu.

Miaka 4 ilipita. Akajitahidi, akarudi Olimpiki tena, huko Sochi katika Urusi, mwaka 2014. Je, alifuta aibu? La. Wakashinda 2, wakashindwa 7, hesabu ile ile kama zamani, wakawa wa tisa. Baada ya hayo chama cha mchezo cha Marekani kiliona kwamba ni lazima kubadili njia. Kikaita wachezaji wajaribiwe, kikachagua walio bora ili walipiwe gharama na kufundishwa pamoja. Shuster alikwenda kujaribiwa kama wengine. Majina yalipotangazwa, lake halikuwamo.

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo habari nyingi za watu huishia. Alikuwa na mke, alikuwa na mtoto mdogo, naye alikwisha pita umri wa miaka 30. Angeweza kusema, "Nimeijaribu dunia, dunia imenikataa, nitafanya kazi nyingine, na mawe nitayatupa siku za mapumziko tu." Wala hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Lakini yeye alitazama pande zote, akaona kwamba hakuwa peke yake nje ya mlango. Alikuwako John Landsteiner, injinia, aliyekuwa naye Sochi; alikuwako Tyler George wa Duluth, msimamizi wa duka; alikuwako Matt Hamilton wa Wisconsin, kijana mchangamfu mwenye masharubu makubwa. Hao nao hawakuwamo katika orodha ya walioteuliwa. Shuster akawakusanya, wakawa kundi moja. Na watu walipowaita "Waliokataliwa," hawakukasirika. Wakalichukua jina hilo wenyewe, wakacheza nalo.

Hawa hawakuwa watu wa kuishi kwa mchezo. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya mshahara; Shuster mwenyewe alifanya kazi katika duka la vyombo vya michezo. Mazoezi yalifanywa katika saa zilizobaki. Tyler George alicheza na viatu vikuukuu alivyovivaa karibu miaka minane, vimechakaa hata watazamaji wakavishangaa. Na Hamilton alikuwa na dada yake, Becca, ambaye naye alikuwa mchezaji. Ndugu hao wawili walicheza pamoja katika mashindano ya mume na mke, yaani mchezaji mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, na mwaka 2018 wote wawili walikwenda Olimpiki. Mjue furaha ya wazazi wao!

Shuster naye alijirekebisha. Hakusema kwamba waliomkataa walimwonea. Alijitazama, akaona mwili wake ulikuwa mzito kwa kazi ile, akaanza kufanya mazoezi kwa bidii na kula kwa kiasi, mpaka akapungua sana. Hapa naona akili kubwa. Mtu aliyekataliwa ana njia mbili: kuitazama mikono ya waliomkataa, au kuitazama mikono yake. Ya kwanza humpa hasira, ya pili humpa kazi.

Mwaka ule wa kwanza, 2015, Waliokataliwa waliwashinda wote nyumbani, pamoja na wale waliolipiwa gharama, wakatumwa kwenye mashindano ya dunia huko Halifax, wakawa wa tano. Baada ya hapo chama kiliwafungulia mlango. Mwaka 2016 mjini Basel walipata nishani ya shaba ya dunia. Mwaka 2017 wakawa wa nne. Na mwezi wa Novemba mwaka huo, mjini Omaha, walishinda mashindano ya kuteua, wakapewa safari ya Olimpiki ya Korea ya Kusini. Kwa Shuster ilikuwa mara ya nne. Wa akiba katika kundi alikuwa Joe Polo, aliyefagia pamoja naye mwaka 2006 chini ya Fenson.

Februari 2018 ikafika, mchezo ukaanza mjini Gangneung. Walishinda wenyeji, kisha wakashindwa na Waitalia, wakashindwa na Waswidi. Wakashinda Wadenmarki, kisha wakashindwa na Wajapani, wakashindwa na Wanorwe. Hesabu: kushinda 2, kushindwa 4. Yaonekana kama kwamba kitabu kile kile kinasomwa tena kwa mara ya tatu. Ilibaki michezo 3, na wakishindwa mmoja wapo, safari imekwisha. Na mchezo uliofuata ulikuwa na Kanada. Wakanada walikuwa wameshinda nishani ya dhahabu mwaka 2006, mwaka 2010 na mwaka 2014, na tangu 1998 hawakukosa hata mara moja kufika fainali ya wanaume.

Basi walicheza. Alama zikawa sawasawa, ikaongezwa duru ya 11, na Wamarekani wakashinda kwa 9 kwa 7. Kesho yake wakawashinda Waswisi kwa 8 kwa 4. Kisha wakawashinda Waingereza kwa 10 kwa 4. Wakaingia nusu fainali, na ni nani waliyekutana naye? Kanada tena. Wakawashinda mara ya pili, kwa 5 kwa 3.

Fainali ilikuwa tarehe 24 Februari, na adui ni Swidi, chini ya nahodha Niklas Edin, mtu mwenye ubingwa mwingi. Baada ya duru saba alama zilikuwa 5 kwa 5. Katika duru ya nane Wamarekani walikuwa na haki ya kutupa jiwe la mwisho. Mawe yalijaa ndani ya nyumba, mengi yakiwa yao, lakini mawili ya Waswidi yalikaa mahali pa kuwazuia. Likabaki jiwe moja, nalo lilikuwa mkononi mwa Shuster.

Ni jambo lile lile la mwaka 2010: jiwe la mwisho, mchezo wote umelielekea, dunia inatazama. Tofauti ni kwamba mwenye mkono ule alikuwa amekwisha kushindwa mbele ya dunia, naye hakufa. Aliliachia jiwe. Likateleza, likaligonga la kwanza, yakatoka yote mawili ya adui. Wamarekani wakahesabu mawe yao katika nyumba: matano. Alama 5 kwa jiwe moja, katika fainali! Mchezo ukaisha kwa 10 kwa 7. Waswidi wakatoa mkono, kama desturi njema ya mchezo huo ilivyo. Ilikuwa nishani ya dhahabu ya kwanza ya Marekani katika kalingi ya Olimpiki.

Tena palikuwa na kichekesho kidogo. Walipovikwa nishani wakazitazama vizuri, waliona zimeandikwa kwamba ni za mashindano ya wanawake. Wakacheka, zikabadilishwa. Waliozoea kuambiwa "hamumo katika orodha" hawakuona shida kupewa nishani ya watu wengine kwa muda kidogo.

Wengine wangefunga hadithi hapo. Lakini si haki kuwaficha yaliyofuata, maana maisha ya mtu hayaishii siku ya sherehe. Mwaka 2022 Shuster alikwenda Olimpiki ya Beijing, mara yake ya tano, na wanamichezo wenzake walimchagua kuwa mmoja wa wawili wa kuchukua bendera ya nchi siku ya kufungua. Yule ambaye jina lake lilikuwa kitenzi cha aibu alitangulia mbele ya wote. Katika kundi lake mwaka huo alikuwamo Chris Plys. Mwamkumbuka? Ndiye yule kijana wa akiba aliyeingia mahali pake mwaka 2010 alipowekwa kando. Sasa walisimama kundi moja. Nawauliza, wangapi kati yetu wanaweza kufanya kazi kwa amani na mtu aliyewahi kupewa kiti chao?

Huko Beijing walifika nusu fainali wakashindwa na Waingereza, kisha wakashindwa na Wakanada kwa 8 kwa 5 katika kugombea shaba. Wakarudi mikono mitupu. Na mwezi wa Novemba mwaka 2025, katika mashindano ya kuteua watakaokwenda Olimpiki ya Italia ya mwaka 2026, kundi la Shuster lilishindwa na kundi la kijana Danny Casper. Vijana wakaenda, wazee wakabaki. Ndivyo ilivyo. Mchezo ule ule uliomkataa, kisha ukamtukuza, ulimwambia mwishoni kwamba sasa ni zamu ya wengine.

Haya, turudi nyumbani kwetu, kwa yule kijana apitaye kando ya ukuta.

Neno la kwanza ni kwa wazazi. Tusidhani kwamba tumewarithisha watoto kitu pale tu tulipofanya makuu. Baba wa Chisholm hakuwa bingwa wa dunia. Mtoto alimwona akienda uwanjani, akicheza kwa haki, akishindwa na kurudi juma la pili. Mtoto aliyemwona baba yake akishindwa kwa adabu anajua kwamba kushindwa hakuui. Lakini baba akishindwa na kurudi nyumbani akivunja vyombo, mtoto atajifunza kuuogopa kila mtihani.

Neno la pili ni kwa waalimu. Wakati mwingine ni lazima kumweka mtu kando. Mwalimu wa mwaka 2010 hakufanya kosa kubadili nahodha, maana kundi lilikuwa likizama. Na chama hakikukosa haki ya kuchagua. Kosa hutokea tukigeuza hukumu ya siku moja kuwa hukumu ya maisha. Tunaandika katika daftari kwamba mtoto huyu ni mjinga, kisha tunalifunga daftari, na mwaka mwingine tunamsoma yeye kwa maneno yale ya zamani. Waliokataliwa waliposhinda mwaka 2015, chama hakikuona haya kuwafungulia mlango. Mwalimu naye asione haya kufuta alichoandika. Asiyejua kufuta asipewe kalamu.

Neno la tatu ni kwa sisi sote tulio majirani. Jina la mtu ni mali yake na ya ukoo wake. Ni rahisi kulifanyia mzaha barazani, na kila acheka huongeza neno lake. Lakini mwenye jina ana mama, ana mke, ana watoto, nao wana masikio. Waliomcheka Shuster walisahau mara. Yeye aliubeba mzaha ule miaka minane.

Na wewe kijana uliyeshindwa, nakuambia hili tu. Usitafute kwanza aliyekuonea. Tafuta wenzako walio nje ya mlango kama wewe, wenye moyo wa kufanya kazi, angalia mikono yako, urekebishe palipo na upungufu, kisha urudi. Sikuahidi nishani. Wengi hurudi wala hawapati nishani, na Shuster mwenyewe alirudi mara moja akapata hesabu ile ile ya kushindwa. Lakini nakuahidi kwamba siku jiwe la mwisho litakapokuwa mkononi mwako, hutatetemeka kama asiyewahi kukosa. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Nanyi wenye nyumba, jioni ya leo mwiteni yule kijana aje mezani kama siku zote, mpakulieni kama siku zote, na mazungumzo yawe ya kawaida. Maneno ya mashauri yatakuja baadaye. Kwanza na ajue kwamba katika nyumba hii jina lake halijawa kitenzi.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.